Msindikizaji Awe Mtu Mzima

Wenzangu mnaobaki kaunta, mmenipa saa ya ukutani na keki iliyoandikwa jina langu kwa makosa, nami nashukuru kwa vyote viwili. Mmeniomba pia niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, yawafae wanaoanza. Sitaandika nani alipandishwa cheo wala kwa nini, maana hayo hayamfundishi mtu kazi. Nitaandika jinsi tulivyowapokea abiria walemavu katika kampuni yangu ya kwanza. Kampuni hiyo haipo tena, na jina lake silitaji, kwa kuwa wenyewe waliizika kimya kimya nami naheshimu msiba.

Niliajiriwa miaka ile ya baada ya vita, watu wakiwa bado wanarudi, wengine wakitoka Bukavu ng'ambo ya mto, wengine wakitoka mbali zaidi, wakiwa wamekulia Kongo na hawajawahi kuiona nchi ambayo wazazi wao waliwasimulia. Baba yangu alikuwa fundi cherehani hapa Kamembe, karibu na msikiti. Mimi nilijua Kiswahili cha nyumbani, Kinyarwanda cha sokoni na Kifaransa cha shule, na kampuni ilitaka mtu wa kuwaambia abiria kwa lugha tatu kwamba ndege imechelewa.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye redio ya mawasiliano, mizani kubwa ya kupimia magunia ya kahawa, na Papa Gaspari. Papa Gaspari ndiye alikuwa mkuu wa kituo. Alizaliwa Bukavu, akasoma kwa mapadri, na alirudi na sanduku moja la nguo na heshima kubwa kwa maandishi yoyote yaliyopigwa chapa. Kila asubuhi alipiga pasi shati lake kwa pasi ya makaa, halafu akaja kutuuliza kama kuna yeyote aliyevunja sheria tangu jana.

Ndege yetu ilikuwa ndogo, ya mapangaboi, kwa hiyo hatukupima mizigo tu, tulipima na watu. Siku yangu ya kwanza alisimama kwenye mizani mke wa mfanyabiashara mmoja aliyevaa kitenge kipya, akaniomba nisitaje kilo zake mbele za watu. Nikazitaja. Papa Gaspari alinivuta pembeni.

"Binti yangu," aliniambia, "mizani inaona, miye na weye tunaandika. Kusema si kazi yetu."

Huo ndio ulikuwa mwanzo wa masomo yangu, na hadi leo sijapata somo lililo bora kuliko hilo. Ukimpima mtu, mpime kimya.

Kampuni ilikuwa na kitabu cha sheria. Kilikuwa cha Kifaransa, na ukikigeuza kwenye mwanga uliona kwenye jalada jina la kampuni nyingine, ya Ulaya, lililofutwa kwa wino mweupe. Kilieleza habari za lifti, viti vya magurudumu, wahudumu waliosomea kubeba watu bila kuwaumiza, na vyumba maalumu vya kupumzikia. Sisi hatukuwa na kimoja kati ya hivyo. Sehemu pekee ya kitabu iliyotufaa ilikuwa ile ya kukataa watu, na hiyo tuliifuata kwa uaminifu.

Kwa mfano, kiziwi hakuruhusiwa kusafiri peke yake, kwa sababu hangesikia maelekezo ya usalama. Alikuja seremala mmoja kutoka Nkungu, kijana mtanashati, tukamrudisha. Sasa ninyi hamkuiona ile ndege. Maelekezo ya usalama yalikuwa hivi: rubani, mzungu mmoja mwenye ndevu ambaye hakuna aliyewahi kuelewa lugha yake, aligeuka kitini na kuinua kidole gumba. Kisha injini zikawaka na kila abiria akawa kiziwi hadi jioni. Seremala alirudi wiki iliyofuata na kaka yake wa kumsikilizia. Kaka alilala tangu walipoketi. Rubani alipoinua kidole, aliyemjibu kwa kidole alikuwa seremala.

Alikuja pia katekista mmoja kipofu kutoka Nyakabuye. Sheria ilisema abiria asiyeona atie sahihi kwamba amesoma masharti. Papa Gaspari alilitafakari jambo hilo, akaona njia ya kulitatua ni kumsomea. Akasimama, akamsomea kurasa zote, kwa Kifaransa, kwa sauti ya misa. Katekista alisikiliza hadi mwisho, mikono magotini.

"Asanti, Papa," alisema. "Na sasa inasema nini?"

"Inasema hautapanda."

Mnacheka, na mimi nilicheka wakati ule, nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta. Niliacha kucheka siku alipokuja Maman Veneranda.

Maman Veneranda tulimjua wote. Alikuwa mwenyeji wa Mibirizi, lakini alishona pale sokoni Kamembe, chini ya kibanda cha mabati, kwa cherehani ya kuzungusha kwa mkono. Miguu yake ilipooza akiwa mtoto mdogo, kwa polio, na cherehani ya kukanyaga haikumfaa kitu. Mabega yake yalikuwa kama ya mpiga makasia. Alitembea kwa magongo ya chuma, haraka, huku akisalimia watu, na sketi za shule za nusu ya watoto wa mji zilikuwa zimepita mikononi mwake.

Alikuwa na mumewe na binti mmoja, Esperansi. Watu walipokimbilia Bukavu wakati wa vita, mume alimvusha darajani kwenye toroli la ujenzi, mtoto akiwa amepakatwa juu yake. Wakakaa kambini. Mume akafa kambini kwa kipindupindu. Vita vya Kongo vilipofika na kambi ikavunjika kwa risasi, kila mtu alikimbilia msituni, upande wa magharibi. Veneranda hakuweza kukimbia. Jirani mmoja alimchukua mtoto mgongoni, akasema atamtunza, na ilikuwa kweli. Alimtunza hadi yeye mwenyewe alipoanguka njiani asiinuke tena. Veneranda alikutwa kambini ameketi palepale alipoachwa, akarudishwa kwa lori. Alimlilia mtoto kama mtu anayelilia maiti isiyoonekana, kisha akarudi kwenye cherehani yake.

Ndipo siku moja watu wanaotafuta familia zilizopotezana walipomletea habari. Mtoto aliokotwa njiani akaletwa Kigali, yuko katika kituo cha watoto. Ametaja jina la mama, ametaja Mibirizi, na amesema mama yake hashuki kilima ila kwa makalio. Mama aje mwenyewe amtambue. Kituo kilikuwa kinafungwa. Watoto ambao hawajafuatwa kufikia mwisho wa wiki watagawanywa kwa familia za kulea, mikoa mbalimbali, na baada ya hapo itakuwa kazi nyingine kuwatafuta.

Barabara ya Kigali inapita msituni, nanyi mnajua msitu ule ulivyokuwa miaka hiyo. Magari yalikuwa yanapigwa risasi. Basi lilikuwa halijapita siku kadhaa. Wauza vitenge wa sokoni walimchangia nauli ya ndege, naye akaja kwetu asubuhi, amevaa gauni alilojishonea, bluu, lenye kola nyeupe.

Tulianza na mizani. Papa Gaspari aliuliza kama apimwe na magongo au bila magongo. Nilimwambia apimwe nayo, kwa kuwa anasafiri nayo. Mwanajeshi wa zamu akasikia, akasema hapana, magongo ni chuma, na chuma kirefu ndani ya ndege ni silaha, yaende chini na mizigo. Basi tukamnyang'anya magongo, tukayafunga kamba, tukayabandika karatasi. Maman Veneranda akabaki ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili.

"Sasa, Maman," Papa Gaspari akamuuliza, "utafika vipi kwenye ndege?"

"Na magongo yangu."

"Magongo iko mu bagaji."

"Basi njo muyatoe, Papa."

"Unaona? Huwezi kutembea. Njo maana sheria inataka muntu wa kukusindikiza." Akafungua kitabu, akasoma, akatafsiri kwa kidole juu ya kila neno. "Msindikizaji awe muntu muzima, mwenye nguvu, wa kumusaidia mulemavu wakati wa hatari. Siye mimi nimesema."

Maman Veneranda alikuwa amezoea kuambiwa mambo. Hakupandisha sauti. "Papa Gaspari, mutoto wangu eko kule. Bwana yangu alikufa. Huyo muntu muzima nitamutoa wapi?"

Sasa nitamtetea kidogo mwalimu wangu. Papa Gaspari hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepoteza nyumba mara nyingi, huku na kule mpakani, na aliamini kwamba kila alipofukuzwa ni kwa sababu karatasi fulani haikuwa sawa. Alimtazama yule mama, akatazama kitabu, halafu akatembeza macho ukumbini kama mtu anayechagua kuku.

Macho yake yakatua kwa Bwana Kalisti.

Bwana Kalisti alikuwa mfanyabiashara wa sementi na bia, na kwa unene na uzima hakuwa na mpinzani katika ukumbi ule. Kwa kawaida alisafiri kwa gari lake, akipiga honi tangu Kamembe hadi Kigali, lakini msitu ulikuwa umemshinda na yeye. Alikuwa hajawahi kupanda ndege. Aliketi kwenye kona akijifuta jasho kwa leso, nami nilidhani ni joto.

"Bwana Kalisti," Papa Gaspari akamwambia, "utakubali kumusindikiza huyu maman? Msindikizaji anapandaga wa kwanza na anachagua kiti."

Bwana Kalisti alipenda sana kuwa wa kwanza. Akakubali kabla hajauliza ni maman gani. Tukamwandika.

Wapagazi wakambeba Maman Veneranda kwa makwapa na magoti, kama vile wangebeba kabati, bila kumwuliza lolote, gauni la bluu likipanda juu ya magoti yake naye akijitahidi kulivuta. Nilikuwa nyuma yao na karatasi zangu. Nilifikiri ndivyo kazi inavyofanywa, na kwa kweli ndivyo ilivyofanywa.

Waliporuka, nilikunywa chai. Nilikuwa bado sijamaliza kikombe mvua ilipoanza, mvua ile ya huku inayokuja na ukungu kutoka msituni hadi huoni mgomba ulio mbele yako. Redio ikakoroma. Rubani alikuwa anarudi. Alisema kwa lugha yake kitu kirefu ambacho Papa Gaspari alikitafsiri kuwa "anarudi."

Ndege ilitokea ukunguni ikiwa chini sana, ikagusa lami iliyolowa, ikateleza. Iliacha njia, ikaingia majanini na kusimama imeinamia upande, gurudumu moja likitoa moshi. Hakuna aliyekufa, niwaambie mapema. Lakini pale tulipokuwa hatukujua hilo, tukaanza kukimbia.

Mlango ulifunguka na mtu wa kwanza kutoka alikuwa Bwana Kalisti. Hakutumia ngazi, maana haikuwapo. Aliruka, akaanguka, akainuka, akakimbia. Alinipita karibu sana, macho yake yakiwa yametoka, na nikamwita, "Papa Kalisti, maman eko wapi?" Aliingia kwenye shamba la mahindi la jirani, na kwa muda tuliendelea kuona mahindi yakilala upande mmoja, halafu upande mwingine, hadi mbali.

Wakatoka wengine. Mwisho kabisa nikaona kitambaa cha bluu mlangoni. Maman Veneranda alikuja kinyumenyume, akiburuza mwili, akashika ukingo wa mlango kwa mikono yake ile ya cherehani, akajishusha polepole hadi akaning'inia, akaachia. Akaketi majanini kwenye mvua. Nilifika nikihema, nikapiga magoti.

"Maman, umeumia?"

"Hapana." Akaipangusa kola yake. "Na ule bwana, eko muzima? Alikuwa anatetemeka sana. Tangu tuliruka alinishika mukono, ona." Akanionyesha. Alama za kucha zilikuwa bado zipo. "Nilikuwa ninamuhesabia sketi zenye nilishona mwaka huu, ili asiangalie inje. Ile kusikia mulio wa magurudumu, aliniacha."

Akaomba magongo yake. Yalikuwa kwenye shehena, na mlango wa shehena ulikuwa umejikunja. Tulikaa naye mvuani hadi fundi alipoufungua kwa nyundo.

Jioni hiyo mkurugenzi alizungumza na Papa Gaspari kwa redio kutoka Kigali. Nilikuwepo. Mkurugenzi alisema mambo mawili. La kwanza, kwa sababu ya ajali, abiria walemavu wamesimamishwa hadi itakapotangazwa vinginevyo, kwa kuwa wanaweza kuziba mlango wakati wa hatari. La pili, kampuni inampongeza Bwana Kalisti kwa moyo wake wa kujitolea. Papa Gaspari aliandika yote mawili kwa mwandiko mzuri. Kisha akautazama mwandiko wake.

"Zaituni," akaniambia, "ule maman aliziba mulango?"

"Alitoka wa mwisho, Papa."

"Njo vile nilikuwa nafikiri."

Ndege ilitengenezwa. Mwisho wa wiki ukawa umebakiza siku moja tu. Maman Veneranda akaja tena, na gauni lilelile, limefuliwa na kupigwa pasi. Papa Gaspari alimweleza habari ya kusimamishwa akiangalia ukutani. Maman hakuondoka. Alikwenda akaketi kwenye benchi, akaweka magongo yake ubavuni mkono wa kushoto, akasubiri, kama mtu aliyeambiwa ndege yake inaitwa sasa hivi.

Bwana Kalisti naye akaja. Mzigo wake wa sementi ulikuwa umekwama Kigali na asipokwenda mwenyewe ungeuzwa. Aliingia taratibu, akisalimia kwa sauti ndogo, na watu wakampongeza, kwa kuwa habari ya pongezi za mkurugenzi ilikuwa imeshafika sokoni. Kila pongezi ilimfanya ainamishe kichwa zaidi. Alipofika kwenye mizani alikataa kupanda.

"Papa Gaspari, ule maman eko anaenda?"

"Hapana. Walemavu bamesimamishwa."

"Basi na miye siende."

"Papa Kalisti, weye ni muzima."

Bwana Kalisti akaangalia nyuma, akaona ukumbi mzima unasikiliza, na hapo akafanya jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu mwenye magari matatu. Akasema kwa sauti ya kusikika.

"Siye mimi nilimusindikiza. Yeye njo alinisindikiza. Nilikuwa nalia kule juu kama mutoto, akanishika. Na mulango ulifunguka, nikamukanyaga na nikakimbia. Sasa munanipongeza. Bila ule maman sipande hata mungenibeba."

Maman Veneranda, kwenye benchi lake, alisema tu, "Hapana shida, Papa. Woga ni woga."

Papa Gaspari akakitoa kitabu. Nilimwona akitafuta ukurasa, na nilijua anatafuta namna ya kufanya kitu bila kukifanya. Akasoma, midomo ikichezacheza. Kisha akavua miwani.

"Hapa banasema muntu mwenye woga mukali au malaise, kujisikia mubaya, asafiri na msindikizaji. Ni weye huyo, Papa Kalisti?"

"Ni miye."

"Na msindikizaji, banasema, awe amekwisha safiri na awe anajua mulango wa hatari." Akamgeukia Maman Veneranda. "Maman, weye unajua mulango wa hatari?"

"Ninaujua vizuri," alisema Maman Veneranda.

"Basi. Zaituni, andika. Mgonjwa, Bwana Kalisti. Msindikizaji, Maman Veneranda. Hapa siko ninaona mulemavu."

Mwanajeshi wa zamu akauliza kuhusu magongo. Papa Gaspari akamjibu kwamba mlemavu ndiye mwenye magongo, na hapa hakuna mlemavu, kwa hiyo hizo ni fimbo za kutembelea, na fimbo ya mtu mzima anayeheshimika haijawahi kuwekwa na mizigo. Mwanajeshi alifikiri, akaona hoja haina tundu. Maman Veneranda alitembea mwenyewe hadi kwenye ndege, kwa fimbo zake, na Bwana Kalisti akimfuata nyuma amemshika pindo la kitambaa cha begani. Wapagazi walisogea karibu na ngazi. Alipanda kwa makalio, ngazi moja moja, nao hawakujua mikono yao waiweke wapi.

Yaliyotokea Kigali alinisimulia baadaye, akinishonea sare yangu mpya. Alisema walimkalisha kwenye ukumbi wa kituo na kumleta mtoto mlangoni. Esperansi alikuwa amerefuka, kichwa kimenyolewa, na hakusogea. Mama naye hakumwita. Aliogopa kumwita, asije akawa si yeye. Mlezi wa kituo alikuwa ameyachukua magongo na kuyasimamisha ukutani, mbali, yasisumbue, kama wafanyavyo watu wote wenye adabu. Mtoto alimtazama mama, akatazama ukuta. Akaenda kuyachukua magongo, akayaburuta kwa sababu yalikuwa marefu kuliko yeye, akamlazia mama ubavuni mkono wa kushoto, mahali yanapofikika. Halafu akakaa chini karibu naye. Mlezi akasema hahitaji kuuliza maswali mengine.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi na kampuni nyingine, kubwa na ndogo. Nimeona viti vya magurudumu vikifika, vizuri, vipya, na vikikaa vimefunikwa nailoni ofisini kwa meneja visije vikachafuka. Nimehudhuria mafunzo katika hoteli ambayo ukumbi wake ulikuwa ghorofani, bila lifti, ambako tulifundishwa juu ya haki za wasioweza kupanda ngazi. Nimesikia wahudumu wakimwuliza mtu mwenye miguu mibovu kwa sauti ya juu, kana kwamba masikio ndiyo yaliyopooza. Hayo mtayaona wenyewe. Ninachotaka mkichukue kwangu ni siku ya kurudi kwa Maman Veneranda, kwa hiyo namalizia hapo.

Kule Kigali kaunta ilikuwa imewazuia asubuhi nzima. Mbali na ile amri ya kusimamisha walemavu, sheria ilisema mtoto asisafiri bila mtu mzima, na kwamba mlemavu hahesabiwi kuwa mtu mzima wa kumsimamia mtoto. Kwa hiyo mama hakuwa na msindikizaji na mtoto hakuwa na mama. Bwana Kalisti, aliyekuwa anarudi na ndege hiyohiyo, alisimama kaunta akatangaza kwamba yeye ni mgonjwa wa woga na hawa wawili ndio wanaomwuguza. Inasemekana alilia kidogo kuthibitisha. Wengine husema hakuwa anaigiza.

Ndege ilitua kukiwa na jua. Ndani alikuwemo kanali mmoja, na nje gari lake lilikuwa limeshawashwa injini. Ngazi ikaletwa, wapagazi wawili wakapanda haraka kama kawaida yao, mikono mbele, wamwondoe Maman Veneranda njiani ili mkubwa apite. Mlangoni wakamkuta Esperansi. Alikuwa na viatu vipya vya plastiki na amesimama katikati, miguu imepanuka.

"Mumuulize kwanza," alisema.

Wapagazi wakageuka kumtazama Papa Gaspari. Papa Gaspari alikuwa chini, na mimi kando yake. Nilitegemea atafute kitabu. Alivua kofia.

"Maman Veneranda," akaita, "tukusaidie?"

"Hapana, Papa. Nitashuka miye mwenyewe. Munishikie tu magongo."

Wakayashika. Akashuka kwa makalio, mgongo wima, ngazi moja, akapumzika, nyingine. Gauni lilikuwa limefunika magoti. Kanali alikuwa amesimama mlangoni juu, hana pa kupita. Alitazama saa yake, akamtazama yule mama, akaiacha saa. Sisi chini tulisubiri, na hakuna aliyesema neno la kumharakisha. Alipofika lami alipewa magongo yake, akasimama, akapangusa vumbi, akatusalimia mmoja mmoja.

Kisha tukatazama juu. Esperansi alikuwa bado mlangoni. Ushujaa ulikuwa umemwisha. Alizitazama zile ngazi za chuma, zenye matundu yanayoonyesha chini, akaushika mlango kwa mikono yote miwili.

Mpagazi mmoja akanyanyua mguu apande kumchukua. Maman Veneranda alimgusa kwa gongo, taratibu.

"Na yeye mumuulize."

Papa Gaspari alipanda mwenyewe, akiinua suruali yake iliyopigwa pasi isiguse grisi. Alipofika juu akachuchumaa mbele ya mtoto, kanali akimsubiri nyuma, na akamuuliza kitu ambacho kule chini hatukukisikia. Esperansi alifikiri kidogo. Halafu akaachia mlango, akanyoosha mikono.